Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Tulivyobisha Hodi kwa Wakfu Binafsi

Ndugu wanachama,

Mwaka jana, katika ukumbi huu huu, mliniuliza swali ambalo sikulijibu vizuri: mbona sisi wanataaluma wa chuo hiki tunaandika sana maombi ya ruzuku na kupata kidogo? Taarifa hii karibu yote ni jibu la swali hilo. Habari za ada, mahudhurio na ukarabati wa ofisi mtazikuta kwenye makabrasha ya Katibu na Mhazini. Sina la kuongeza ila kwamba paa halivuji tena.

Mwaka huu tulituma maandiko 11 ya kuomba ruzuku kwa wakfu binafsi za nje, yaani taasisi zinazotoa ruzuku kutokana na mali zilizowekeza. Mawili yamekubaliwa, moja limerudi tulirekebishe, na yaliyobaki yamejibiwa kwa ile barua ya mistari minne mnayoifahamu, isipokuwa moja nitakaloeleza baadaye. Mwaka uliotangulia tulituma 26 tukaambulia moja. Wakati ule andiko lilikuwa lile lile, tunabadilisha jina la mfadhili juu yake tu. Nikiri kosa langu: mimi mwenyewe niliwahi kutuma barua ambayo ukurasa wake wa tatu ulibaki na jina la mfadhili mwingine. Haikujibiwa, na haikustahili kujibiwa.

Kamati ndogo ya ruzuku ilianza kwa kusoma. Wakfu binafsi za Marekani zinatakiwa na sheria ya kodi kuwasilisha kila mwaka fomu iitwayo 990-PF, na fomu hiyo iko wazi kwa umma, inasomeka bure mtandaoni. Ndani yake imeorodheshwa kila ruzuku iliyolipwa mwaka ule: nani kapewa, kiasi gani, kwa kazi gani. Kuna pia kisanduku kidogo ambacho wakfu hukitia alama kama unawapa wale tu uliokwisha kuwachagua na haupokei maombi ya kujiletea. Tulikaa Jumamosi tatu na orodha yetu ya zamani, ile tuliyorithi bila kujua nani aliiandika, tukaanza kukata majina. Wengi tuliokuwa tukiwaandikia miaka yote wametia alama kisanduku hicho. Tulikuwa tunapiga ramli huku majibu yako mezani.

Fomu hizo zinafundisha na kadiri ya kuomba. Wakfu ambao kwa miaka mitano umetoa ruzuku za dola 20,000 hautakupa 300,000 eti kwa sababu andiko lako limeandikwa vizuri. Na kuna jambo ambalo limenibadilisha mimi binafsi. Sheria hiyo hiyo inazitaka wakfu hizi zitoe kila mwaka takriban asilimia 5 ya thamani ya mali walizowekeza. Kwa hiyo ofisa wa upande wa pili naye anatafuta mtu wa kumpa. Naomba tuache lugha ya kuomba sadaka. Maandiko yetu mengine yanasomeka kama barua ya kuomba nauli.

Wenzetu wa kitivo cha elimu, itazameni Spencer, wakfu wa Chicago. Inapokea maombi ya utafiti wa elimu kutoka popote duniani, na ruzuku zake ndogo hufika dola 50,000. Wanaanthropolojia wanayo Wenner-Gren, ambayo haibagui uraia wa mwombaji. Wenzetu wa historia, ambao kila mwaka mnatusimulia nyaraka zinazooza masandukuni huko visiwani, fedha za wakfu uitwao Arcadia hupitia programu ya nyaraka zilizo hatarini ya maktaba ya taifa ya Uingereza, tangu 2004. Ndiyo iliyogharimia kupigwa picha za miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu. Ukimwandikia mwenye wakfu moja kwa moja umepotea njia. Mlango uko maktaba.

Sasa lile andiko moja. Lilikuwa zuri kuliko yote, na halikufika kwa wakati. Barua ya kuidhinisha bajeti ilikaa kwenye meza fulani siku 19, ikatoka siku mbili baada ya dirisha la maombi kufungwa. Meza hiyo siitaji, tumeshazungumza. Lakini nusu ya lawama ni yetu: tuliipeleka siku 17 tu kabla, kana kwamba tunaijua ofisi hiyo kwa sifa ya haraka. Tangu Julai tunaomba saini miezi miwili mapema. Pia Katibu ana jalada lenye sheria ya kuanzishwa kwa chuo na hesabu zilizokaguliwa. Wakfu wa Marekani unaotoa fedha nje lazima ujiridhishe kwamba mpokeaji analingana na taasisi ya hisani kwa sheria zao, la sivyo uzifuatilie fedha hizo kwa ripoti mpaka zitakapokwisha. Wakiuliza, tusianze kukimbizana na mhasibu.

Gharama za uendeshaji bado ni mfupa. Chuo kinataka asilimia yake ya kila ruzuku, na wakfu nyingi hulipa kidogo au hazilipi kabisa. Spencer kwenye ruzuku hizo ndogo hailipi. Nimekutana na uongozi mara mbili. Mazungumzo yanaendelea, na sitawaahidi lolote. Mkiwa na mtafiti wa kigeni kwenye mradi, wekeni ada na muda wa kibali cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, kwenye bajeti tangu mwanzo.

Wakubwa wetu hupenda kukumbusha miaka ya 2000 hadi 2010, wakfu za Marekani za Carnegie, Ford, MacArthur, Rockefeller na wenzao watatu waliojiunga baadaye walipotoa jumla ya takriban dola milioni 440 kwa elimu ya juu katika nchi 9 za Afrika, yetu ikiwemo, pamoja na Kenya na Uganda. Mpango ule ulikuja kututafuta. Nimesikia hoja kwamba tusubiri mwingine kama huo. Naipinga.

Kwa msimu ujao, anayetaka andiko lake lisomwe na kamati alilete kwa Katibu kabla ya tarehe 15 Januari, lisizidi kurasa mbili, likiwa na jina la wakfu na ruzuku tatu ambazo wakfu huo umeshatoa kwa kazi inayofanana. Langu nimeshalipeleka. Kamati imelirudisha.