Bolero si rumba iliyopunguzwa mwendo

Mhariri,

Ukurasa wako wa burudani wiki iliyopita ulisema kundi la Miramar, la Richmond katika jimbo la Virginia, Marekani, linapiga "rumba ya polepole". Wanachopiga ni bolero, nyimbo za mapenzi za mwendo wa taratibu. Tunaomba nafasi tusahihishe, maana kosa hilo halimo gazetini tu. Liko pia kwenye kumbi zetu. Bendi ya zilipendwa ikiombwa bolero, mpiga tumba anashusha mwendo, wenzake wanaendelea na rumba ileile, na wimbo unalala.

Bolero tunayoizungumzia ilizaliwa Santiago de Cuba mwishoni mwa karne ya 19, mikononi mwa wapiga gitaa kama Pepe Sánchez, ambaye kazi yake ilikuwa ushonaji. Ile ya Hispania, inayohesabiwa tatu, ni kitu kingine. Kutoka Kuba ilivuka hadi Meksiko na Puerto Rico, na mwaka 1944 Trío Los Panchos walianza New York: Wameksiko wawili na Mpuerto Rico mmoja, sauti tatu na magitaa. Desemba 2023 UNESCO iliiweka bolero kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, kwa maombi ya Kuba na Meksiko.

Tofauti yake na rumba isikilizwe kwenye besi. Hesabu nne. Katika bolero, besi inapiga pigo la kwanza na kuliacha lilie hadi la pili lipite, kisha inapiga la tatu na la nne. Basi. Katika rumba, besi hupenda kutangulia, inaingia kabla chodi mpya (noti zinazopigwa kwa pamoja) haijafika. Jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu mwimbaji wa bolero huchelewa makusudi: anaushika mstari nyuma ya mapigo, kisha anawahi mwishoni. Anaweza kufanya hivyo kwa kuwa besi imekaa palepale inamsubiri. Besi nayo ikianza kutangulia, hakuna aliyebaki nyumbani, na wachezaji wanapoteza hatua.

Mwendo unaofaa ni mapigo kati ya 80 na 100 kwa dakika. Chini ya hapo mistari inakuwa mirefu kuliko pumzi, na mwimbaji anaanza kukata maneno katikati. Manyanga yapige mara nane katika kila hesabu nne, sawasawa, kwa sauti ya chini. Bongo, zile ngoma mbili ndogo zilizounganishwa, ifuate hizohizo nane kwa ncha za vidole, na ngoma yake kubwa ilie mara moja tu, kwenye pigo la nne. Kama kuna dramu, legeza nyuzi za chini ya snea, ile ngoma ya dramu yenye mlio wa kukwaruza, na upige ukingo wake kwa kijiti. Snea yenye mlio mkali ndiyo inayoua bolero nyingi jukwaani, na hapo fundi mitambo hana lawama.

Miramar wanayajua haya yote, na ndiyo sababu tunawatetea. Marlysse Simmons yuko kwenye piano na ogani. Rei Alvarez na Laura Ann Singh wanaimba. Simmons na Alvarez ni watu wa Bio Ritmo, bendi ya salsa ya mji huohuo, kwa hiyo kupiga kwa kasi wanakuweza. Utulivu wao ni uamuzi. Albamu yao ya mwaka 2016 waliitoa kwa heshima ya Sylvia Rexach, mtunzi wa Puerto Rico aliyezaliwa 1922 na kufariki 1961 akiwa na miaka 39. Nyimbo zake si za chodi tatu. Sauti mara nyingi inatua kwenye noti ya saba au ya tisa ya chodi, na mpiga gitaa akirahisisha, noti hiyo inabaki peke yake na kusikika kama imekosewa. Tumesikia waimbaji wakilaumiwa kwa kosa la gitaa.

Uimbaji wao wa wawili unafuata nyayo za Dúo Pérez-Rodríguez wa Puerto Rico. Sauti ya pili inakaa chini ya ya kwanza, aghalabu kwa hatua ya tatu au ya sita, na kazi yake ni kuchelewa pamoja nayo, silabi kwa silabi. Wanaojaribu hukosea hapa: kila mmoja anatia mitetemo yake mwishoni mwa mstari, na sauti mbili zinagombana. Wazoee bila kipaza sauti, wakitazamana midomo.

Kuhusu magitaa, wengi huuliza ule mlio mwembamba wa Los Panchos unapatikanaje. Ni rekinto, gitaa dogo lililobuniwa na Alfredo Gil wa kundi hilo. Nyuzi zake, kuanzia nene, ni A, D, G, C, E, A, yaani juu ya gitaa la kawaida kwa hatua ya nne, sawa na freti tano. Msijaribu kulivuta gitaa la kawaida hadi hapo. Nyuzi zitakatika, na zisipokatika daraja linaweza kung'oka. Fungeni kapo, kibano cha kubana nyuzi zote, kwenye freti ya tano, mtumie nyuzi za nailoni, kisha mtyuni upya baada ya kuifunga, kwa sababu kapo hupandisha sauti kidogo.

Bolero si ngeni kwetu. Santuri zilizotoka Léopoldville (Kinshasa ya leo) miaka ya 1950 ziliandikwa "Boléro" kwenye lebo, kando ya jina la wimbo, na nyingine "Rumba". Walioziandika walijua wanatofautisha nini, na wapenzi wa dansi Dar es Salaam na Nairobi walijua kwamba kwa bolero mnashikana, kwa rumba mnaachiana.

Tunaomba gazeti lichapishe masahihisho hayo kwenye ukurasa uleule wa burudani. Watangazaji wa vipindi vya zilipendwa nao wasome lebo ya santuri hewani, jina la wimbo pamoja na aina ya mpigo, kama ilivyoandikwa.

Wapigaji wa muziki wa dansi,
Dar es Salaam