Kinachomtoa kijana VETA ni nauli, si ada

Mhariri,

Kila mwaka majina ya waliochaguliwa kujiunga na vyuo vikuu yakitoka, wafadhili nao hujitokeza: mbunge, kampuni, ushirika, msikiti, parokia, umoja wa waliosoma sekondari fulani. Wanafanya jambo kubwa, na barua hii ni yao kuliko ya serikali. Fedha zao nyingi huishia kwenye ada ya shahada, ambako tayari ipo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na tangu 2022/23 upo pia ufadhili wa Samia kwa waliong'ara masomo ya sayansi kidato cha sita. Mwaka 2023/24 mikopo ikafika hadi stashahada za fani za kipaumbele. Kijana anayekwenda VETA, yaani vyuo vya mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kusomea umeme wa majumbani, bomba au ushonaji kuanzia ngazi ya kwanza hakuwahi kuwa mlengwa wa mipango hiyo. Akiomba msaada huambiwa kwamba VETA ni bei rahisi, aende tu.

Ada yenyewe kweli ni ndogo. Katika vyuo vinavyomilikiwa na VETA, kozi ndefu imekuwa ikilipiwa Sh60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na Sh120,000 kwa wa bweni. Sasa chukua daladala ya Sh600. Kwenda na kurudi ni Sh1,200, kwa siku tano ni Sh6,000. Wiki ya kumi nauli imeshafika Sh60,000, yaani ada ya mwaka mzima imeishia mikononi mwa konda, na mwanafunzi hajala chakula cha mchana hata siku moja. Anayeunganisha magari mawili hufika hapo wiki ya tano. Ndiyo maana mahudhurio huanza kukatika mapema: kwanza Ijumaa, halafu siku mbili kwa wiki, halafu jina linafutwa. Mfadhili aliyelipa ada anabaki akijiuliza kijana amekosa nini.

Kuna vifaa pia. Fomu ya maelekezo ya kujiunga humtaka mwanafunzi aje na ovaroli na buti, na wa bweni aongeze godoro, mashuka, chandarua na ndoo. Fundi umeme anahitaji testa, plaizi, bisibisi bapa na ya nyota, msumeno wa chuma, nyundo, futi na springi ya kukunjia bomba. Mwashi hana kazi bila mwiko, pima maji na timazi. Mshonaji anahitaji mkasi wa kitambaa, futi kamba, na zaidi ya yote cherehani ya kufanyia mazoezi jioni, kwa sababu mkono haunyooshi mshono kwa saa za darasani peke yake.

Wapo watakaosema karakana ya chuo ina vifaa. Vipo, ila wanafunzi ni wengi kwa kila benchi, na mwenye bisibisi yake ndiye anayefunga soketi huku wenzake wakitazama. Hiyo springi ni mfano mzuri. Bomba la plastiki la kupitishia nyaya hukunjwa taratibu juu ya goti springi ikiwa ndani, na hupitishwa kidogo kuliko kona inayotakiwa kwa sababu likiachiwa hurudi. Bila springi hujibonyeza penye kona, na waya ukivutwa unakwama hapo. Jambo hili halieleweki kwa kutazama. Anayemaliza kozi bila kuharibu mabomba yake mwenyewe ataharibu ya mteja, na kwenye saiti atajulikana siku ya kwanza.

Kwa hiyo ufadhili wa ufundi unapaswa kugawanywa tofauti na ule wa chuo kikuu. Ada ilipwe moja kwa moja kwa kumbukumbu namba ya malipo inayotolewa na chuo. Nauli na chakula vitolewe kila wiki mbili, au kila mwezi ikishindikana, kamwe si kwa mkupuo. Fedha ya mwaka mzima ikiingia siku moja kwenye nyumba yenye mgonjwa au deni la duka, itatumika kwa mgonjwa na deni, na hakuna wa kulaumiwa. Kabla ya kutuma, hakikisheni laini ni ya nani. Chini ya miaka 18 kijana kwa kawaida hana namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, basi mara nyingi laini anayotumia imesajiliwa kwa jina la mzazi, mjomba au jirani, na mwenye laini ndiye mwenye fedha. Mkubaliane naye kwa maandishi, au fedha ipitie kwa mwalimu mlezi na kila malipo yasainiwe.

Vifaa vinunuliwe kama vifaa, kwa orodha ya mwalimu wa fani. Ovaroli na buti siku ya kwanza, vifaa vya mkono karakana inapoanza, na kila kimoja kichorwe namba ya mwanafunzi kwa msumari au rangi, maana bisibisi zote zinafanana na hupotea. Vile vya gharama kubwa, kama cherehani au mashine ya kuchomelea, vikabidhiwe anapomaliza.

Kipindi cha mafunzo kwa vitendo kazini ndicho kinachopoteza wengi zaidi. Mwanafunzi anapelekwa kwenye gereji au kwa mkandarasi, mara nyingi mbali na chuo na hata na nyumbani. Bweni la chuo halimfai tena, anahitaji chumba, nauli na chakula, na huko hakuna anayemlipa. Wafadhili wengi husitisha malipo wakati huo kwa sababu kwenye karatasi yao "chuo kimefungwa". Miezi hiyo ndiyo ya kuongezewa. Vivyo hivyo kwa binti mwenye mtoto mchanga: bweni halimpokei na mtoto, kwa hiyo posho yake lazima ihesabu chumba cha karibu na chuo na mtu wa kumshikia mtoto mchana.

Kuhusu uteuzi, fomu nyingi za ufadhili hudai cheti cha kidato cha nne chenye daraja la juu. Fani nyingi za VETA humpokea hata aliyeishia darasa la saba anayejua kusoma, kuandika na kuhesabu, hivyo fomu hiyo inamfungia mlango mtu ambaye chuo chenyewe kimemfungulia. Ombeni barua ya kuchaguliwa na chuo, na uthibitisho wa hali ya kaya: namba ya kaya ya TASAF, mfuko wa kusaidia kaya maskini, kama ipo, cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, au barua ya serikali ya mtaa. Barua ya mtaa nayo ina tatizo lake. Nyingi huandikwa mstari mmoja, "mtajwa ni mkazi wa mtaa huu, apewe ushirikiano", na hakuna kamati inayoweza kuamua lolote kwa maneno hayo. Mpeni mtendaji maswali ya kujibu: kaya ina watu wangapi, nani anafanya kazi gani, nyumba ni ya kupanga au yao, wangapi bado wanasoma.

Aliyejifunzia mtaani, gereji au kwa fundi wa jirani, mara nyingi hahitaji kukaa darasani miaka miwili. VETA hupima ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi na kutoa cheti. Kumlipia huyo ni gharama ndogo sana, na ni ajabu jinsi wafadhili wanavyomsahau.

Msiahidi ngazi ya kwanza peke yake. Anayeishia hapo hubaki msaidizi wa fundi. Kwa umeme safari ni ndefu zaidi, kwa sababu kazi ya kutandaza nyaya inayopelekwa TANESCO lazima iwe ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Ahadi ifike ngazi ya pili au ya tatu, pamoja na gharama ya kuombea leseni hiyo.

La mwisho ni kalenda. Wafadhili wengi hufungua maombi kufuata ratiba ya vyuo vikuu, huku kozi ndefu za VETA zikianza Januari. Matokeo ya kidato cha nne nayo hutoka wakati mafunzo yanaanza au yameshaanza, na anayeyasubiri ndipo atafute ufadhili amepoteza mwaka. Fungueni fomu za mafundi Septemba, majibu yatoke kabla ya katikati ya Desemba, na nauli ya mwezi wa kwanza iwe mkononi siku ya kuripoti.

Mdau wa elimu ya ufundi,
Morogoro