RISALA YA WANAFUNZI WA KOZI ZA SANAA ZA WATU WAZIMA KWA MGENI RASMI

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Kituo, walimu wetu wapendwa, wageni waalikwa, wanafunzi wenzangu, mabibi na mabwana.

Awali ya yote tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu, tunajua ratiba yako ilivyobana na kwakweli wapo waliokuwa wanasema hutokuja, leo wamekaa kimya. Karibu sana. Kwa kawaida risala inaanza na idadi ya wanafunzi na inaishia kwenye upungufu wa viti, ila sisi kwenye kamati tumekaa tukaona viti vitasubiri, tuongelee kitu kimoja ambacho hakiongelewi kabisa hapa kituoni, nacho ni hawa walimu wetu wametokea wapi.

Mgeni Rasmi, ukipita kwenye maonyesho baadae utaona vyungu, michoro, vitambaa, utasikia na kwaya, na utadhani waliotufundisha wote ni watu waliosoma sanaa toka utotoni. Wapo, na tunawaheshimu. Lakini mwalimu wetu wa ufinyanzi alikuwa mtaalamu wa maabara ya hospitali, anayetufundisha kuchora mwili ni mtu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, wa mandhari alikuwa mpima ardhi, wa vitambaa ni fundi cherehani, wa uandishi wa hadithi alikuwa karani wa mahakama, na mwalimu wa kwaya ni mhasibu mpaka hii leo, anatoka kwenye hesabu za watu anakuja kwenye hesabu za nota. Ukiwaona wamekaa pale mstari wa mbele huwezi kujua nani ni nani.

Sasa tuanze na huyu wa maabara mana huyu ndo katufanya tuandike risala yenyewe.

Wengi wetu tulipojiunga na ufinyanzi tulidhani ni kukaa kwenye gurudumu na kuchezea udongo, tukakuta mwalimu ana daftari. Kila glezi, yaani ule uji unaopakwa juu ya chombo na ukichomwa unakuwa kama kioo, anayochanganya inapimwa kwenye mizani mpaka sehemu ya kumi ya gramu, inapakwa kwenye kigae kidogo, kigae kinaandikwa namba kwa nyuma, namba inaingia daftarini na maelezo yake: silika inayogeuka kioo kiasi gani, alumina inayozuia glezi isitiririke kiasi gani, kiyeyushi gani cha kuifanya iyeyuke, tanuru lilifika nyuzi ngapi na kigae kilikaa rafu ya juu au ya chini. Mwanzoni tulinung'unika. Yaani mtu umetoka kazini umechoka unataka kupaka rangi ya bluu upumzike, mwenzako anakuuliza umeandika namba? Ila siku mwenzetu mmoja alipotoa bakuli lenye kijani ambacho hakuna aliyekitegemea, kijani kizuri ajabu, wote tukauliza kimetokeaje, mwalimu akafungua daftari akasoma, na wiki iliyofuata kijani kilekile kikatoka tena. Kwenye madarasa mengine tuliyowahi kupita kijani cha namna hiyo kinatokea mara moja halafu kinabaki hadithi.

Huyo huyo ndo alitueleza kwanini vyombo vinapasuka. Hakusema "ni bahati mbaya" kama tulivyozoea kuambiwa. Alisema maji yaliyobaki kwenye udongo yakifika nyuzi 100 yanageuka mvuke na mvuke unatafuta njia, kwahiyo chombo kibichi kikipandishiwa moto kwa pupa kinalipuka, na hata ukivuka hapo kuna kituo kingine nyuzi 573, pale kwatzi, yaani chembe za silika ngumu kama za mchanga, iliyomo kwenye udongo inabadilika mpangilio wake na kuvimba ghafla, na wakati wa kupoa inarudi hivyohivyo, ndo mana ukifungua tanuru mapema kwa uroho wa kuona kazi yako unasikia tii, ufa. Na fagio alilipiga marufuku. Vumbi la udongo mkavu lina silika na silika ikikaa kwenye mapafu haitoki, kwahiyo meza na sakafu ni kufuta kwa sponji yenye maji tu, hakuna mjadala. Mtu ambaye hajawahi kufanya kazi maabara sidhani kama angetusimamia hivyo kila siku bila kuchoka, maana ukali huo hautokani na kusoma sheria ukutani, ni wa mtu aliyezoea kushika vitu vinavyoweza kumdhuru.

Mgeni Rasmi, mwalimu wa kuchora mwili yeye hana daftari, ana mikono. Siku ya kwanza alitusimamisha wote, wazee na vijana, akasema simama uzito wote uweke mguu mmoja, sasa weka mikono kiunoni. Tukasikia wenyewe nyonga ya upande wa mguu uliobeba uzito imepanda, na bega la upande huohuo limeshuka. Ndo akasema haya chukueni penseli. Ukishaisikia kwenye kiuno chako huwezi tena kuchora mtu kasimama kama mlingoti. Na kuna jambo ambalo halionekani kwenye michoro ila sisi tunalijua, kwenye darasa lile kuna wenzetu vidole vimeshaanza kukakamaa, mama mmoja alikuwa anataka kuacha kabisa kwasababu penseli inamponyoka, mwalimu akaizungushia kipande cha sponji ikawa nene, akamwambia chora kwa bega usichore kwa vidole, karatasi ikabandikwa ukutani badala ya mezani. Yule mama mchoro wake uko kule ndani upande wa kulia ukiingia, uangalie mistari ilivyo mirefu.

Hao wengine nitawapitia haraka. Mpima ardhi anatuanzia kila mchoro na mstari wa usawa wa macho, bila huo hakusikilizi, na kunyoosha penseli mbele ya uso kupima urefu wa mti kwake ni kazi ileile aliyokuwa akiifanya na vyombo vyake. Fundi cherehani alitufundisha kukata kitambaa hanamu, yaani mshazari wa nyuzi zake, kwamba kikikatwa hivyo kinavutika na kuanguka vizuri, na leo kuna mapazia ya sanaa kule ukumbini yanaishi kwasababu ya hanamu. Karani wa mahakama amesikiliza watu wakijieleza miaka mingi, kwahiyo ukimletea hadithi ambayo wahusika wote wanaongea kwa sentensi zilizonyooka anakuuliza umemsikia wapi mtu anayeongea hivi, mtu akiulizwa swali hajibu swali, anajibu kile anachokiogopa. Mhasibu wa kwaya... huyu ni mkali wa kuchelewa, tuishie hapo.

Tulipokuwa tunaandaa risala tukajiuliza kama hili ni jambo la kwetu tu au ni la siku nyingi, tukasoma soma kidogo, na kumbe ni la siku nyingi sana. Kule London chuo cha watu wazima cha Working Men's College kilianzishwa 1854, wafanyakazi wanasoma jioni baada ya kazi, na aliyewafundisha kuchora alikuwa John Ruskin ambaye watu wanamjua zaidi kama mwandishi na mhakiki. Dante Gabriel Rossetti, mchoraji aliyekuwa pia mshairi, naye alifundisha pale. Ukija Ujerumani, shule ya sanaa na ufundi ya Bauhaus ilipofunguliwa 1919 ilikuwa na utaratibu ambao sisi kamati umetukuna kweli, kwenye karakana zake za mwanzo kila karakana iliwekewa walimu wawili, mmoja msanii na mwingine fundi. Karakana ya ufinyanzi ilikuwa na Gerhard Marcks ambaye ni mchongaji, na Max Krehan ambaye ni mfinyanzi aliyeishi kwa kazi hiyo. Yaani walikubali wazi kabisa kwamba mtu mmoja hawezi kuwa na kila kitu. Johannes Itten aliyeanzisha kozi yao ya mwanzo alisomea ualimu wa shule ya msingi. Josef Albers naye alifundisha shule za msingi kabla ya kuingia Bauhaus kama mwanafunzi mwaka 1920 akiwa na miaka 32, akaja kuwa mwalimu palepale. Na Wassily Kandinsky alisomea sheria na uchumi, akaacha njia ya uprofesa wa sheria akiwa na miaka 30 ili aende kusoma uchoraji, na kuanzia 1922 alikuwa anafundisha Bauhaus. Fikiria Mgeni Rasmi, kama wangekuwa wanaomba kazi leo kwa masharti ya matangazo tunayoyaona, nani kati yao angeitwa kwenye usaili?

Hapo ndo penye kidonda chetu. Muhula uliopita kuna ofisi moja ilitoa tangazo la kutafuta walimu wa kozi kama hizi, sharti la kwanza ni digrii ya sanaa, la pili ni digrii ya sanaa yenye ufaulu fulani. Mwalimu wetu wa ufinyanzi alituma maombi, hakujibiwa hata barua ya kukataliwa. Hatuna ugomvi na digrii, na tusieleweke vibaya, mwalimu wetu wa historia ya sanaa ana digrii mbili na darasa lake linajaa mpaka watu wanakaa chini. Tunachosema ni kwamba karatasi inakuonyesha mtu alikaa wapi akasoma, haikuonyeshi mikono yake imefanya nini miaka ishirini iliyopita. Na mwanafunzi mtu mzima anaona haraka. Malcolm Knowles, yule Mmarekani aliyeandika sana kuhusu kufundisha watu wazima, alisisitiza kwamba mtu mzima anaingia darasani na uzoefu wake na huo uzoefu ni mali ya kujifunzia. Sasa kama sisi wanafunzi uzoefu wetu ni mali, wa mwalimu unakuwaje mzigo?

Ila tuseme na upande wa pili, mana risala ya kusifu tu haina faida kwako. Kujua kazi na kujua kufundisha ni vitu viwili. Tumewahi kupata fundi mmoja hodari sana, mikono ya dhahabu, lakini darasa lake lote lilikuwa "angalieni ninavyofanya". Tunaangalia, anamaliza, tunaulizana kafanyaje pale katikati. Ameshazoea mno hatua zile mpaka hazioni tena, kwake zimekuwa pumzi, na sisi tunahitaji zile hatua moja moja. Wengine walikuwa wanatusahihisha kwa kutunyang'anya brashi na kumalizia wenyewe, mchoro unakuwa mzuri ila sio wako. Mtu mzima ukimfanyia hivyo mbele ya wenzake harudi wiki ijayo, na hatosema sababu, atasema kazi zimembana. Wale sita niliowataja mwanzo hawakuwa hivi walivyo toka siku ya kwanza, mpima ardhi kwa mfano alikuwa anaongea na ubao, lakini Mkuu wa Kituo aliwapanga wawe wanaingia kwenye vipindi vya wenzao na kuambiana ukweli, na mabadiliko tuliyaona sisi wenyewe.

Kwahiyo maombi yetu Mgeni Rasmi yanatokana na hayo hayo. Kwakuwa wewe unakaa kwenye vikao ambavyo masharti ya ajira yanapangwa, tunaomba mwombaji apimwe kwa kazi alizofanya na kwa somo la majaribio mbele ya wanafunzi halisi, robo saa inatosha kabisa kujua, na digrii ihesabiwe pamoja na hayo badala ya kuwa mlango wa kwanza unaofungwa. Tunaomba pia wanaotoka kwenye fani nyingine wapewe mafunzo mafupi ya namna ya kufundisha watu wazima kabla hawajaachiwa darasa, kwasababu kuwaacha wajifunzie kwetu ni kuwaonea na kutuonea. Na pale ambapo bajeti inaruhusu tujaribu ule utaratibu wa walimu wawili, hata kama ni kwa kozi moja tu ya ufinyanzi.

La malipo tulibishana sana kama tuliseme, tukaamua tuliseme. Walimu hawa wanalipwa kwa saa ya darasani. Tanuru halijui saa ya darasani, kulipakia ni kazi, kulichoma ni masaa mengi, kulisubiri lipoe ni mpaka kesho yake, na mwalimu anarudi siku yake ya mapumziko kulifungua kwasababu hataki mtu mwingine alifungue mapema. Hayo masaa hayapo kwenye karatasi yoyote. Tunaomba yaandikwe, hata kama kwa kuanzia yatalipwa nusu.

Mwisho kabisa ni feni ya kutoa hewa kwenye chumba cha tanuru, iliyopo imeharibika na tunafungua madirisha. Viti kweli ni vichache lakini tutasimama.

Baada ya risala hii mwalimu wa ufinyanzi atakutembeza kwenye rafu ya vigae vya majaribio, tunaomba umruhusu akueleze walau vitatu, vikizidi hapo mtamkatiza wenyewe. Kile cha kijani tumekitenga kwa ajili yako pamoja na bakuli lake, na namba yake ya daftari imeandikwa kwa chini.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi wanafunzi wa kozi za sanaa za watu wazima.