Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Bakuli Jekundu la Kirumi

Ndugu wanachama,

Mwaka jana mlituagiza tuache kutazama vyombo vya Kirumi pichani tu, tufinyange wenyewe. Tulichagua bakuli la duara ambalo mwanaakiolojia Hans Dragendorff, katika uainishaji wake wa vyombo hivi wa mwaka 1895, alilipa namba 37.

Wengi hudhani sungura, mbwa wa mawindo na majani ya mzabibu yanayolipamba yalichongwa juu ya bakuli. Sivyo. Mafundi wa La Graufesenque, kusini mwa Ufaransa, walianza na kalibu nene ya udongo, wakagandamiza mihuri midogo ya picha hizo upande wa ndani, kisha wakaichoma. Mfinyanzi aliiweka kalibu hiyo kwenye gurudumu, akakandamiza udongo laini ndani yake na kupandisha ukingo kwa vidole. Udongo ukikauka husinyaa, bakuli likaachia lenyewe.

La kwetu la kwanza halikuachia. Kalibu tuliiosha asubuhi ile ile, ikashiba maji, ikashindwa kunyonya ya udongo. Tulipolivuta, sungura alitoka bila kichwa. La pili tulilisubiri siku mbili. Sitasahau lilivyotoka: nje sungura mzima, masikio yote mawili, ndani mifereji ya vidole vya mfinyanzi wetu.

Rangi bado imetushinda. Wekundu ule unaong'aa ni tope laini mno lililochujwa, na tanuri zao zilikuwa na mabomba ya udongo ya kupitishia moto na moshi visiguse vyombo. Tanuri letu halina, ndiyo maana vyombo vyote vilitoka na madoa meusi. Kamati inaomba sehemu ya ada ya mwaka ujao iende kwenye mabomba hayo.

Aliyeuliza mkutanoni kama kazi ya Gaul, yaani Ufaransa ya enzi hizo, ilithaminiwa kwa Warumi wenyewe, jibu liko Pompeii, mji wa Italia uliofukiwa na volkano. Mwaka 1881 lilifukuliwa kasha lenye mabakuli 90 ya nakshi kutoka La Graufesenque, pamoja na taa. Lilikuwa halijafunguliwa mlima Vesuvius ulipolipuka mwaka 79. Na Italia ndiko ufundi huu ulikotangulia kushamiri, pale Arezzo!

Mwisho, vyombo vya wanachama wawili vilichanganyika tanurini, nami nawaomba radhi. Wafinyanzi wa La Graufesenque walikwangua kwenye sahani majina ya wenye vyombo na idadi ya kila mmoja. Kuanzia uchomaji ujao nasi tutaandika hivyo, na sahani ya orodha itakaa mlangoni mwa tanuri.