Sarafu Yako ni ya Zamani, Lakini Je, Inatafutwa?

"Nina sarafu ya zamani, mnanunua bei gani?" Ndilo swali tunalolipokea kuliko mengine yote, na jibu letu la kwanza huwavunja moyo wengi. Tumeona tulieleze hapa kwa kirefu, kabla hujafunga safari au kuuza kitu ambacho hukupaswa kukiuza.

Umri peke yake haupandishi bei. Zipo sarafu za shaba za Dola ya Kirumi, zenye zaidi ya miaka 1,600, ambazo mpaka leo zinauzwa kwa pesa kidogo sana. Zilitengenezwa nyingi mno na bado zinafukuliwa ardhini. Anayenunua sarafu adimu anauliza zimebaki ngapi, iliyo mbele yake iko katika hali gani, na ni watu wangapi wengine wanaitaka.

Chukua dola ya fedha ya Marekani iitwayo Morgan. Ya mwaka 1921 imeshapita karne moja, ni nzito mkononi, gramu 26.73, na asilimia 90 yake ni fedha. Mwenye nayo huamini ameshika hazina. Lakini mwaka huo zilitengenezwa zaidi ya milioni 80, na ya kawaida iliyochakaa haiendi mbali na bei ya madini yake. Sasa ilinganishe na nyingine, ya mwaka 1893, iliyotoka kiwanda cha sarafu cha San Francisco. Sura ni ile ile, uzito ule ule, madini yale yale, ila zilitoka 100,000 tu. Kinachoitambulisha ni herufi ndogo S upande wa nyuma, chini ya shada la majani. Kwa herufi hiyo sarafu inaondoka kwenye bei ya madini na kuingia kwenye maelfu ya dola.

Matapeli wanalijua hilo vizuri. Huchukua dola ya 1893 ya kiwanda kingine, wakaibandika S. Sisi tukiletewa ya namna hii hatuanzi na herufi hiyo, tunaigeuza kwanza. Sarafu halisi zote za toleo hilo zilipigwa kwa muhuri mmoja wa upande wa mbele (muhuri ni kipande cha chuma kinachogonga sura kwenye sarafu), na muhuri huo ulikuwa na mkwaruzo mdogo ulioacha mstari mwembamba wa mshazari ndani ya herufi T ya neno LIBERTY. Mstari usipoonekana kwenye kioo cha kukuzia pale ambapo sarafu haijachakaa, tunaanza kuwa na mashaka makubwa.

Tukija kwenye hali ya soko lenyewe, ukweli ni kwamba limegawanyika. Huko juu kabisa, pesa ipo na inaendelea kutoka. Sarafu ya dhahabu ya dola 20 ya Marekani ya mwaka 1933 iliuzwa mnadani New York mwaka 2002 kwa takriban dola milioni 7.6, na Juni 2021 sarafu hiyo hiyo ikauzwa kwa dola milioni 18.9. Zilitengenezwa 445,500, kisha karibu zote zikayeyushwa baada ya serikali kuzuia dhahabu isimilikiwe kiholela na watu binafsi. Habari kama hizo zinapotangazwa, simu zetu hazitulii. Watu wanafungua makopo na droo wakitarajia mamilioni, ilhali kilichomo ni sarafu za kawaida ambazo bei yake haijasogea.

Miaka ya 2020 na 2021 iliwavuta wanunuzi wengi wapya, hata vitu vya kawaida vikapanda. Baadaye pumzi ikapungua, na vilivyopungua zaidi ni vile vya kawaida. Jambo jingine ni dhahabu yenyewe. Mwaka 2020 wakia moja ilivuka dola 2,000, na Oktoba 2025 ikavuka 4,000. Ungedhani sarafu za dhahabu za kukusanya zimepanda kwa kasi hiyo hiyo. Kwa zile za kawaida sivyo. Zamani mnunuzi aliongeza kiasi kizuri juu ya bei ya madini kwa sababu ni sarafu ya kihistoria. Sasa madini yamepanda mpaka nyongeza hiyo imebaki nyembamba. Kwa hiyo ukiuziwa sarafu ya dhahabu ya kawaida kwa bei kubwa "kwa sababu ni adimu", omba uoneshwe uadimu wake uko wapi. Na wewe unayeuza, usimpelekee mtu anayepima kwa gramu kabla mwaka na alama ya kiwanda havijakaguliwa, kwa sababu mizani haisomi herufi.

Kuhusu hali ya sarafu, soko linatumia kipimo cha namba 1 hadi 70, 70 ikiwa ndiyo bora kabisa, kilichoanzishwa na Mmarekani William Sheldon mwaka 1949. Katikati ya miaka ya 1980 zikaibuka kampuni huru za kupanga madaraja, PCGS na kisha NGC, zinazofungia sarafu katika kasha la plastiki lenye namba ya daraja na namba ya utambulisho. Utaratibu huo ulileta imani, na imani ikaleta wawekezaji ambao hawakujali sarafu hata kidogo. Bei zikapaa mpaka mwaka 1989, halafu zikaporomoka. Ndiyo maana sisi hatumuuzii mtu sarafu kama akiba ya uzeeni, hata akituomba.

Sasa jambo linalotuuma kweli: kusafisha. Tafadhali usiisafishe. Dawa ya meno, limau, majivu, magadi, waya wa kusugulia sufuria, vyote tumeviona. Sarafu ambayo haijatumika ina mng'ao wa asili uliotokana na madini kutiririka chini ya shinikizo la muhuri. Ukiiinamisha taratibu chini ya taa, miale ya mwanga inazunguka juu yake kama njiti za gurudumu la baiskeli. Ukisugua mara moja tu, miale hiyo inakufa. Kinachobaki ni mng'aro uliopauka na mikwaruzo myembamba yote ikielekea upande mmoja, na hakuna fundi anayeweza kuirudisha ilivyokuwa. Kampuni za madaraja haziipi namba ya daraja ya kawaida, huandika tu kwamba imesafishwa, na wanunuzi makini wanaipita. Utandu wa kahawia au wa buluu unaouona kama uchafu, mara nyingi ndio unaothibitisha kwamba haijaguswa.

Mifuko laini ya plastiki nayo ina madhara yake. Ile ya plastiki aina ya PVC huvujisha kemikali taratibu na kuacha utando wa kijani unaonata. Ukiuona, itoe sarafu humo, ishike kwenye ukingo, usiifute, utuletee tuitazame.

Kasha lenye namba nalo lisikutulize kabisa, kwa sababu yapo makasha ya bandia. Ingiza namba yake ya utambulisho kwenye tovuti ya kampuni husika ulinganishe picha, ikiwepo, alama kwa alama.

Kuangalia mara ya kwanza hatutozi. Sarafu ikistahili kupangiwa daraja tutakuambia. Gharama ikizidi faida tutakuambia pia, na kwa nyingi ndivyo ilivyo. Ukichagua mnada, elewa kuwa bei inayotangazwa siyo pesa ya muuzaji. Ile ya dola milioni 18.9, nyundo ya mnada iligonga kwenye milioni 16.75, iliyozidi ni ada ya mnunuzi. Muuzaji naye anaweza kukatwa kamisheni, kwa hiyo soma mkataba kabla ya kusaini.

Tutumie picha ya mbele, ya nyuma na ya ukingo, zilizopigwa karibu na dirisha bila flashi, pamoja na uzito kama una mizani midogo. Sarafu ikiwa na dalili nzuri tutakuomba uilete tuishike. Ikiwa thamani yake ni madini tu, tutakuandikia hivyo, pamoja na bei ya madini ya siku hiyo.