Dada, lile sanduku la mama

Dada yangu, najua hii utaisoma, maana kila nikiandika humu we unasoma kimyakimya, basi soma na hii.

Siwezi kuisahau siku ile tulivyoingia Pitt Rivers, ile makumbusho pale Oxford, Uingereza, kagiza kale, makabati yamebanana, tukasimama mbele ya nguo ya matanga ya Tahiti, kile kisiwa cha bahari ya Pasifiki. Kinyago cha maganda ya chaza wa lulu, na kifuani vipande vyembamba vya ganda, mamia, vimetobolewa kimoja kimoja vikaungwa kwa uzi. Nikawa nakueleza kwamba zamani akifa mkubwa wa kwao, mfiwa mkuu alikuwa anaivaa anatoka nayo, mkono huu anagonganisha maganda, mkono huu ana silaha ya meno ya papa, na watu wote wanakimbia. Naongea machozi yananilenga, mama hana hata mwaka kaburini, we ukasema, "Si waliuza wenyewe?"

Waliuza ndio. Lakini 1769 Cook, yule nahodha Mwingereza, alipofika kwao mara ya kwanza, watu wake waliitaka nguo hiyo wakanyimwa. Mpaka 1774 waliporudi na manyoya mekundu waliyoyapata Tonga, na manyoya mekundu kwa Watahiti yalikuwa kitu cha miungu, hapo ndo zikatoka. Forster na mwanawe, wataalamu wa viumbe waliosafiri na Cook, wakapata hii, 1776 wakaipa Oxford.

Na yule aliyenunua sanduku la njumu la mama naye alijua tunadaiwa hospitali, dada, we mwenyewe ulikuwa unamwambia kila mtu.

Najua ulimuuguza peke yako, ulimgeuza kitandani usiku kucha, Mungu akulipe, mi siwezi kukulipa. Ila ungenipigia simu! Kitu cha marehemu hakiuzwi hata arobaini haijafika, na usiseme nina mdomo wakati kuzika sikuja, karatasi zangu zilikuwa hazijatoka, ningetoka nisingeruhusiwa kurudi, na kazi ikipotea ada ya mdogo wetu nani angelipa, we? Nililia chooni kazini siku hiyo, hakuna aliyejua.

Haya. Nijibu kitu kimoja tu. Kile kisutu cha mama, cha harusi yake, alikuwa anakiweka chini kabisa mle ndani, chini ya vyeti vyetu. Ulikitoa kabla hawajalibeba?