Wenye zahanati, tumvue mgonjwa shati kabla ya kumpa tyubu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme na wenzangu wenye zahanati binafsi, na wateja wetu nao wasikie.

Mimi ni tabibu, nina zahanati hapa Makambako. Baridi ya Juni ikishaingia, benchi langu hujaa watu wa ngozi: miguu iliyopauka hadi inatoa magamba, midomo iliyopasuka, watoto wa pumu ya ngozi wanaojikuna usiku kucha. Wengi huja na tyubu mkononi, na karibu zote ni za aina moja: dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi kali (dawa inayotuliza uvimbe na muwasho kwa kulaza kinga ya ngozi), vyote humo humo. Ukiuliza nani alimwangalia mtoto, unajibiwa, "Tulieleza tu dirishani, tukapewa."

Chukua mashilingi, yale mabaka ya duara yanayoletwa na fangasi wa ngozi. Kwa kawaida yana ukingo ulioinuka wenye magamba, katikati ngozi imetulia. Hata mwanafunzi huyatambua. Paka steroidi: siku ya pili au ya tatu muwasho umekata, uvimbe umeshuka, mama anashukuru na jirani anaazima tyubu. Fangasi mwenyewe yupo palepale, tena anastawi, maana kinga ya ngozi imelazwa. Baada ya wiki kadhaa ule ukingo haupo, shavu zima lina vipele vidogo vidogo, na anayelitazama kwa mara ya kwanza ataapa ni aleji. Atatoa steroidi nyingine. Kumbe klotrimazoli ya kawaida, krimu ya fangasi tu, ingetosha, mradi mama aendelee kupaka hata baada ya alama kufutika. Mashilingi ya kichwani ni habari nyingine: hayo yanataka vidonge kwa wiki kadhaa, kwa sababu krimu haifiki kwenye shina la nywele.

Najua kwa nini tunatoa tyubu. Pango halingoji, na mtu aliyelipa 5,000 ya kumwona tabibu kisha akaambiwa anunue mafuta ya mgando huona ameibiwa. Wengine hunisema waziwazi. Basi mwandikie kwenye karatasi jina la ugonjwa, anachopaka, mara ngapi kwa siku na tarehe ya kuacha. Akitoka na karatasi hiyo haoni ametoka mikono mitupu, na akienda kwingine, mwenzako hataanza kubahatisha.

Jambo jingine: mwambie aje na kila anachopaka, kwenye mfuko. Vimwage mezani. Utakuta sabuni ya dawa inayokausha ngozi, dodoki gumu kama brashi ya sakafu, na mara nyingi kopo lisilo na lebo. Hilo ndilo mkorogo, mchanganyiko wa kung'arisha ngozi. Usimfokee, utamfunga mdomo. Mwambie tu kwamba zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, lakini sokoni hazikosi, na klobetasoli, steroidi kali, nayo humo haikosekani.

Kwa ngozi kavu, ushauri wangu ni wa bei rahisi. Oga maji ya vuguvugu, si yale ya kuchemka tunayoyapenda huku kwetu. Sabuni ipite kwapani, sehemu za siri na miguuni. Mwili mzima kila siku hauna haja nayo. Jifute kwa kugusagusa, kisha paka mafuta ya mgando yasiyo na manukato ngozi ikiwa bado na unyevu. Na nyumba ikiingiwa na upele, watu wote wanapakwa dawa siku moja, hata asiyewashwa, na nguo na mashuka yafuliwe siku hiyohiyo. Kumpaka mmoja mmoja ni kupoteza dawa.

Usichokijua, toa rufaa. KCMC, hospitali ya rufaa iliyoko Moshi, wanafundisha matabibu wa ngozi tangu 1992, na baadhi yao wako kwenye hospitali za mikoa. Ulizia aliye karibu nawe, uwe na namba yake.

Kwa aliyekwisha kupaka tyubu hizo za steroidi usoni kwa miezi: usiache ghafla peke yako. Wiki za mwanzo uso huwaka na kutoa vipele, na wengi huirudia wakidhani ndiyo inayowatibu. Nenda ukaonwe, tyubu ukiwa nayo.

Tabibu mwenye zahanati,
Makambako, Njombe